Mabanda 7 na daftari la doria: kisa cha Chumbe kwa anayewania tuzo ya utalii

Mwaka 1999 kampuni ndogo inayoendesha hifadhi ya kisiwa cha Chumbe, Zanzibar, ilitwaa tuzo ya Tourism for Tomorrow iliyokuwa ikidhaminiwa na British Airways. Ilishinda kwanza katika ukanda wake, kisha ikawa mshindi wa dunia. Mwaka uliofuata Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, likaiingiza kwenye orodha yake ya heshima ya Global 500. Ukitazama kilichokuwapo kisiwani siku hizo, utajiuliza waamuzi waliona nini: mabanda 7 ya makuti, mnara wa taa wa 1904, msikiti mdogo wa zamani, na nyumba ya mtunza taa iliyofufuliwa ikawa kituo cha wageni. Bwawa la kuogelea hakuna. Kiyoyozi hakuna. Wageni wa kulala walikuwa wameanza kupokewa 1998 tu, na mabanda yakijaa, kisiwa kizima hakifikishi wageni ishirini wa kulala.

Nimekichukua kisa hiki kwa sababu wenye nyumba za wageni na kampuni ndogo za kutembeza watalii katika pwani yetu, wanapoletewa fomu ya tuzo ya kanda, huanza kwa kuuonea haya udogo wao, kisha huufunika kwa maneno makubwa. Chumbe haikuwa na haja hiyo. Udogo wenyewe ndio uliokuwa hoja. Nitayachukua yale yanayojulikana hadharani kuhusu kisiwa hicho, niyapange kana kwamba tunaandika ombi leo, fomu iko mezani, maneno yamewekewa kikomo na siku ya mwisho inakaribia.

Kwanza, aina ya tuzo. Zipo zinazotegemea sana kura, kama World Travel Awards zilizoanza 1993. Huko kazi kubwa ni kuwahamasisha wateja na mawakala wapige kura, na ufundi wa kuandika hausaidii sana. Zipo nyingine ambazo jopo linakaa, linasoma, linauliza. Tourism for Tomorrow ilikuwa ya kundi hili, na ilipokuja kuwa chini ya Baraza la Usafiri na Utalii Duniani, WTTC, wakaguzi walikuwa wakitumwa mpaka kwenye biashara zilizofika fainali kuona kama yaliyoandikwa yapo. Kwa hiyo anayeandika ombi la namna hii ajue kwamba kila sentensi inaweza kufuatwa na mtu mwenye kalamu na viatu vya kutembelea. Hilo peke yake linabadilisha uandishi.

Sasa tuandike aya ya kwanza jinsi ambavyo wengi wangeiandika:

"Chumbe ni kisiwa cha kipekee chenye mandhari ya kuvutia na bahari safi. Tunatoa huduma bora za viwango vya kimataifa kwa wageni kutoka pande zote za dunia. Tunajali mazingira na tunashirikiana kwa karibu na jamii inayotuzunguka ili kukuza utalii endelevu."

Hakuna uongo hapo. Tatizo ni kwamba ukifuta jina la Chumbe ukaweka la hoteli yoyote kuanzia Nungwi mpaka Kizimkazi, aya inabaki salama. Mwamuzi aliyekwisha kusoma maombi thelathini siku hiyo ameikuta aya hii mara ishirini na tano. Haimuudhi, inampita tu. Jaribio ninalolipenda ni hilo la kubadilisha jina: sentensi inayokubali jina la jirani bila kulalamika, itoe.

Je, kitu gani Chumbe wanaweza kusema ambacho jirani hawezi? Hapa wengi hukimbilia "wa kwanza". Chumbe inatajwa sana kama hifadhi ya kwanza ya aina yake, na mwandishi mwenye haraka angeandika "hifadhi ya kwanza ya bahari nchini Tanzania" akaridhika. Jopo likiwa na mtu mmoja anayeijua bahari yetu, sentensi hiyo imekufa. Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini, visiwa vilivyo mbele ya Dar es Salaam, vilitangazwa kuwa hifadhi tangu 1975. Kweli, kwa miaka mingi ulinzi wake ulikuwa wa kwenye karatasi zaidi kuliko majini, lakini tangazo ni tangazo. Mwamba wa matumbawe wa Chumbe ulitangazwa kuwa hifadhi Desemba 1994, kabla ya Hifadhi ya Bahari ya Mafia iliyofuata 1995. Kinachosimama imara ni dai jembamba zaidi: hifadhi ya bahari inayosimamiwa na kampuni binafsi kwa mkataba na Serikali ya Zanzibar, ikiwa na walinzi wake, na inayojiendesha kwa fedha za wageni. Dai hilo ni refu kidogo na halina mbwembwe, ila mtu akilisukuma halianguki.

Lipo neno jingine linaloponyoka kirahisi kwenye fomu za mazingira: "tulirejesha". Tulirejesha matumbawe, tulirejesha samaki. Kwa Chumbe lingekuwa kosa, na kosa lenyewe lingewanyima hoja yao nzuri kuliko zote. Mwamba wa magharibi ya kisiwa ulikuwa bado mzima mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati Mjerumani Sibylle Riedmiller alipoanza kutafuta kibali cha kuuhifadhi. Ulikuwa mzima kwa sababu za kawaida kabisa. Uko kando ya njia ya meli, jeshi halikutaka watu wavinjari huko, na kisiwa ni mbali kwa wavuvi wasio na mashine ya boti. Miamba mingine karibu na mji ilikuwa imekwisha kuumia, kwa baruti na kwa nyavu za kukokota. Ombi lenye nguvu linasema hivyo waziwazi: tulikuta kitu kizima, tukaona sababu zilizokilinda zinaanza kulegea, tukaweka ulinzi kabla hakijaharibika. Leo mwamba huo unahesabiwa kuwa na aina zaidi ya 400 za samaki na aina zipatazo 200 za matumbawe magumu. Namba hizo, zikiwekwa baada ya maelezo hayo, zinakuwa na maana. Zikiwekwa peke yake ni mapambo.

Nimewahi kusikia hoja kwamba kukiri hali ilikuwa nzuri tangu awali kunapunguza sifa ya mwombaji. Sikubaliani nayo hata kidogo. Waamuzi wamechoshwa na hadithi za "kabla palikuwa jangwa, sasa ni bustani". Anayesema "tulikuta pazuri, na hiki ndicho tulichokifanya pasiharibike" anaonekana mara moja kuwa mtu anayeijua kazi yake.

Walinzi

Hapa ndipo ningetumia robo ya maneno yote. Chumbe iliwaajiri wavuvi kutoka vijiji vya jirani na kuwafundisha kazi ya ulinzi wa mwamba na kuongoza wageni chini ya maji. Hawabebi silaha. Chombo kikiingia eneo lililofungwa, mlinzi anakwenda na boti, anasalimia, anazungumza. Anaeleza kwa nini pale hapavuliwi, kwamba samaki wakikua na kuzaa watatoka nje ya mipaka, kwamba nanga inavunja kitu kilichochukua miaka kukua. Anayezungumza naye ni mvuvi, mtu wa kazi aliyokuwa akiifanya mlinzi mwenyewe, pengine wanajuana kwa majina na kwa ukoo. Mara nyingine mlinzi huyohuyo ndiye anayekwenda kuwaokoa wavuvi bahari ikichafuka, kwa kuwa yuko karibu na ana boti.

Mwandishi wa kawaida angeyafupisha yote haya kuwa "tumetoa ajira kwa jamii". Angekuwa ametupa nyama akabaki na mfupa. Ajira zinatolewa na kila hoteli. Kumtoa mtu kwenye uvuvi akawa mlinzi, na ulinzi wenyewe ukawa wa maneno, ni jambo ambalo mwamuzi atalikumbuka akienda kula chakula cha mchana.

Lakini kumbukumbu ya mwamuzi haitoshi, lazima pawe na ushahidi, na hapa ndipo daftari linapoingia. Walinzi wa Chumbe wamekuwa wakiandika matukio ya doria tangu miaka ya mwanzo. Daftari la namna hiyo, likiwa na tarehe, aina ya chombo, zana zilizokuwamo na jinsi mazungumzo yalivyoisha, lina thamani kuliko barua kumi za pongezi. Linaonyesha kama uvamizi unapungua au unaongezeka, msimu gani, na kwa zana gani. Na halitungwi usiku wa kuamkia siku ya mwisho. Kurasa zilizoloa maji ya chumvi, mwandiko wa watu tofauti, kalamu za rangi tofauti, zinajieleza. Ningepiga picha kurasa mbili, moja ya miaka ya mwanzo na moja ya karibuni, nikaziambatisha bila maelezo mengi.

Kuna mtego mmoja katika sehemu hii. Nadharia ya hifadhi za bahari inasema samaki wakijaa ndani watamwagika nje na wavuvi watafaidika. Inavutia sana kuandika "wavuvi wa jirani sasa wanavua zaidi kutokana na sisi". Aandike hivyo mwenye vipimo vya mavuno ya nje ya mipaka, kwa miaka, kwenye diko, pale samaki wanaposhushwa. Asiyekuwa navyo aseme lililopimwa: ndani ya mipaka hali ni hii, na walinzi huwaeleza wavuvi sababu ya mipaka. Dai moja lisilo na mguu huwafanya wasomaji wayatilie shaka hata yale mengine tisa.

Majengo hayahitaji sifa

Sehemu ya majengo ni fupi kwa sababu inajieleza. Kisiwa hakina maji baridi. Mapaa makubwa ya makuti hukinga mvua, maji huchujwa na kuhifadhiwa kwenye birika chini ya banda. Umeme ni wa jua, maji ya kuoga yanapashwa na jua. Vyoo ni vya mboji, havitumii maji kabisa, na maji ya kuogea yanapita kwenye vitalu vya mimea kabla ya kuzama ardhini. Usiku njia hazina taa, mgeni anatembea na tochi, ili wanyama wa usiku, wakiwamo kaa wa minazi wanaopatikana kisiwani humo, wasisumbuliwe.

Katika sehemu hii sijatumia neno "endelevu" wala "rafiki wa mazingira" hata mara moja, na msomaji ameshaelewa. Ndiyo kanuni yangu hapa: andika bomba linatoka wapi na linakwenda wapi, basi. Na picha ya kuambatisha iwe ya paa, mfereji na birika. Machweo kila mtu anayo.

Fedha, na maswali yasiyopendeza

Ombi likifika kwenye fedha, wengi huanza kunong'ona. Chumbe ina mnyororo ulio wazi: mgeni analipa, malipo yanagharimia walinzi, utunzaji wa mwamba na msitu, na ziara za wanafunzi wa Zanzibar wanaoletwa kisiwani kujifunza. Kampuni yenyewe iliundwa kwa lengo la uhifadhi, biashara ikiwa njia ya kuligharimia. Maelfu ya watoto wameshapita kwenye programu hiyo, na kwa wengi wao, hasa wasichana, ndiyo mara ya kwanza kuvaa miwani ya kupiga mbizi na kuangalia kilichomo chini ya bahari wanayoiona kila siku. Sentensi hiyo ya mwisho ningeiweka kwenye ombi bila kusita, kwa sababu inaeleza tatizo ambalo mtu wa nje hakulijua: mtoto wa kisiwani asiyeijua bahari.

Lakini mwamuzi makini atauliza mambo mengine. Mradi uligharimu takriban dola milioni 1.2, kiasi kilichopita sana makadirio ya awali. Vibali vilihitaji kupita idara nyingi na vikachukua miaka. Bei ya kulala si ya Mtanzania wa kawaida. Mwanzilishi ni mgeni. Na 1998, mwaka uleule mabanda yalipofunguliwa, joto la bahari lilipausha matumbawe katika eneo kubwa la magharibi ya Bahari ya Hindi, jambo ambalo mlinzi hata awe hodari vipi hawezi kulizuia kwa mazungumzo.

Tabia ya waombaji wengi ni kuyakalia kimya yote hayo na kuomba Mungu jopo lisiulize. Mimi ningeyaweka mwenyewe, kwa ufupi, kila moja na jibu lake. Gharama zilipanda, na hiki ndicho kilichozipandisha. Bei ni ya juu kwa kuwa vitanda ni vichache na kuongeza vitanda kungekiua kisiwa, na watoto wa nyumbani wanaingia kwa mlango wa elimu. Joto la bahari hatulizuii, tunachofanya ni kupunguza majeraha mengine ili mwamba uwe na nguvu ya kupona, na vipimo vyetu ni hivi. Ombi lisilo na tatizo hata moja linasomeka kama maiti iliyopambwa, na jopo huwa na hamu ya kujua nini kimefichwa chini ya sanda.

Kisiwa kimoja, vipengele vingi

Jambo ambalo wengi hulikosea ni kipengele cha tuzo wanachoombea. Chumbe ingeweza kuingia kama hoteli, kama mradi wa elimu, kama hifadhi ya bahari, kama usanifu wa majengo, hata kama kimbilio la wanyama adimu, kwa kuwa paa nunga, walio hatarini kutoweka, waliletwa pia kwenye msitu wake. Historia inaonyesha milango tofauti ilifunguka kwa nyakati tofauti: 1999 ilikuwa tuzo ya utalii, 2000 ilikuwa heshima ya mazingira, na miaka ya baadaye ilipewa hadhi ya platinamu ya Global Ocean Refuge iliyotolewa na Marine Conservation Institute, ambayo iliangalia ulinzi wa bahari na wala haikuuliza mito ya kitanda ni laini kiasi gani.

Kumbukumbu ni zilezile, mpangilio ndio unaobadilika. Kwa tuzo ya utalii ningeanza na mgeni na fedha yake, kisha ningemfuata mpaka kwa mlinzi. Kwa tuzo ya bahari ningeanza na tangazo la 1994 na vipimo vya mwamba, mabanda yangekuja mwishoni kama chanzo cha fedha. Anayejaribu kusema yote mara moja, kwa uzito sawa, humwachia mwamuzi kazi ya kuchagua, na mwamuzi hana muda huo. Kunakili ombi la mwaka jana na kubadilisha jina la tuzo ni mbaya zaidi. Wanaona.

Na asiye na kisiwa je?

Chukua nyumba ya wageni yenye vyumba vichache Jambiani au Pangani. Haina mwamba wa kulinda wala mkataba na Serikali. Ina nini cha kuonyesha? Mara nyingi ina zaidi ya inavyodhani, ila haijaandikwa popote. Orodha ya mishahara ikitaja kila mfanyakazi na shehia au kijiji anachotoka inajibu swali la "wenyeji" kuliko maneno yoyote, kwa sababu "wenyeji" anaweza kuwa wa kijijini, wa kisiwa kizima au wa taifa zima, na mwamuzi anataka kujua yupi. Stakabadhi za samaki, mboga na mkate zinaonyesha fedha inazunguka wapi. Bili za maji na umeme za miaka miwili, zikigawanywa kwa idadi ya wageni waliolala, zinaonyesha kama "tumepunguza matumizi" ni kweli au ni wageni ndio waliopungua. Barua ya sheha au ya kikundi cha akina mama wa mwani, inayotaja jambo moja lililofanyika na lini, ina uzito kuliko barua ya wakala wa safari inayosema mnatoa huduma nzuri.

Kenya wana faida kidogo hapa. Ecotourism Kenya imekuwa ikizipima hoteli na kambi kwa ngazi za shaba, fedha na dhahabu tangu 2002, na hoteli iliyopitia upimaji huo ina faili tayari. Asiye na faili aanze leo kwa ajili ya fomu ya mwaka kesho kutwa. Ya mwaka huu aandike kwa alichonacho, hata kikiwa kidogo.

Turudi kwenye aya ile ya kwanza. Hii ni rasimu yangu, si maneno ya Chumbe, na ningeiweka juu kabisa ya fomu:

"Chumbe ni kisiwa cha hekta 22 hivi, kilomita 12 kutoka Mji Mkongwe wa Zanzibar. Tangu Desemba 1994 mwamba wake wa magharibi umefungwa kisheria kwa uvuvi, na kampuni yetu inausimamia kwa mkataba na Serikali. Tuliukuta mzima, na kazi yetu ni kuuacha mzima. Walinzi wetu walikuwa wavuvi wa vijiji vya jirani. Hawana silaha, wanazungumza na kila chombo kinachoingia na kuandika kilichotokea. Mishahara yao, pamoja na ziara za wanafunzi wa Zanzibar, hulipwa na wageni wa mabanda 7. Kurasa za daftari la doria ni kiambatisho cha kwanza."

Nimeacha nje mnara wa taa, msikiti, paa nunga, kaa wa minazi na vyoo vya mboji. Mnara uliniuma kidogo kuutoa, maana ni mzuri na una hadithi yake, lakini kwa tuzo ya utalii hauongezi chochote kwenye hoja ya walinzi na fedha. Nafasi yake ni kwenye swali la urithi, kama fomu inalo. Kama haina, utabaki huko huko kisiwani, mkaguzi atauona akishuka kwenye boti.